Ukurasa wa Jumatatu: mwongozo wa shule kufundisha uandishi na kuwakinga wanafunzi wasiozwe

Kabla msichana hajaozwa, mengi huwa yameshatokea nyumbani kwao. Wageni wamekuja mara mbili tatu, barua ya posa imepokelewa, idadi ya ng'ombe imejadiliwa, shangazi ameanza kumfundisha mambo ambayo hakuwahi kumfundisha. Kati ya posa na harusi zinaweza kupita wiki chache au miezi, na muda wote huo mtoto bado anakuja shuleni, anakaa kwenye dawati lake na kuandika. Mwongozo huu unahusu kipindi hicho. Unaeleza jinsi shule ya msingi au sekondari nchini Tanzania inavyoweza kuwa na utaratibu mmoja wa uandishi wa kila wiki, unaoitwa hapa Ukurasa wa Jumatatu, unaomfundisha mwanafunzi kuandika vizuri na papo hapo kumwezesha mwalimu kujua mapema kwamba kuna mtoto anayepangiwa kuozwa. Kazi hizi mbili hazitengani. Mwalimu asiyesoma maandishi ya wanafunzi wake hawezi kuwafundisha kuandika, wala hawezi kujua yanayowasibu.

Sheria ya kuijua kabla ya kuanza

Sheria ya Ndoa ya 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hata hivyo wazazi wengi bado wanaitaja miaka 15 kama kinga yao. Usibishane nao kuhusu umri, maana utapoteza muda na pengine utashindwa.

Kwa mwanafunzi, sheria ya kuishika ni Sheria ya Elimu, Sura ya 353, kifungu cha 60A kama kilivyoandikwa upya mwaka 2016. Kifungu hicho kinakataza, kwa hali yoyote ile, mtu kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na adhabu hiyohiyo. Anayesaidia au kushawishi mwanafunzi aingie kwenye ndoa anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kufungwa miaka mitano, au vyote viwili. Kifungu hichohicho kinamtaka mkuu wa shule atunze kumbukumbu za ndoa na mimba za wanafunzi, na apeleke taarifa ya kina kila robo mwaka kwa Kamishna wa Elimu au mwakilishi wake.

Hapa ndipo makaratasi ya shule yanapopata uzito. Mbele ya mahakama lazima ithibitike kwamba mtoto alikuwa mwanafunzi siku hiyo, na ushahidi wake ni daftari la uandikishaji na daftari la mahudhurio. Rejista iliyojazwa kwa mkupuo mwisho wa mwezi, yenye alama za "yupo" kwa mtoto aliyekwisha kuhamishiwa kwa mume, humpa wakili wa mshtakiwa njia rahisi. Jaza mahudhurio kila asubuhi, kwa wino, na ukikosea piga mstari mmoja na utie saini. Usifute.

Kuanzisha Ukurasa wa Jumatatu

Kila mwanafunzi kuanzia Darasa la Tano awe na daftari moja la mistari, la kurasa 48, lisilotumika kwa kazi nyingine. Asiye na uwezo wa kulinunua apewe na shule. Asiachwe nje ya utaratibu, kwa kuwa mara nyingi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Madaftari yabaki shuleni, ndani ya kabati linalofungwa. Daftari likienda nyumbani litasomwa na watu usiowajua, na kuanzia hapo mtoto hataandika neno la kweli.

Siku iwe Jumatatu au Jumanne. Shule nyingi huweka uandishi Ijumaa kwa sababu ndiyo siku nyepesi. Hilo ni kosa, kwa kuwa harusi nyingi hufanyika mwisho wa wiki, na ukurasa ulioandikwa Ijumaa utasomwa wakati shughuli imekwisha. Ukiandikwa Jumatatu, una siku nne za kusoma na kuchukua hatua.

Muda ni dakika 20. Dakika 3 za kufikiri bila kalamu, 14 za kuandika, 3 za kusoma alichoandika na kurekebisha mwenyewe. Wakati huo mwalimu asipite kati ya madawati akichungulia. Akae mbele na yeye aandike.

Toa mada mbili ubaoni, mwanafunzi achague moja. Ya kwanza iwe ya kujenga ufundi: eleza hatua kwa hatua namna ya kusonga ugali, au namna ya kufika kwenu kutoka shuleni kwa mtu asiyeijua njia. Ya pili iache mlango wazi: wageni waliokuja kwetu wiki hii, jambo lililobadilika nyumbani, mwaka kesho siku kama ya leo nitakuwa wapi. Usitoe mada ya "madhara ya ndoa za utotoni". Ukiitoa, utapata kurasa 80 zinazofanana, zote zikisema ni janga la taifa, na mtoto aliyeposwa jana atakuwa ameandika maneno yaleyale pamoja na wenzake.

Kusahihisha darasa la watoto 80

Soma madaftari 20 kila siku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kwa dakika mbili kila moja. Ni dakika 40 kwa siku. Kazi hiyo inawezekana kwa sharti moja: usisahihishe kila kosa. Pigia mstari makosa matatu tu, kisha andika sentensi moja ya kujibu alichosema. Kama ameandika kwamba mbuzi wao amezaa mapacha, muulize mapacha hao wanaendeleaje. Sentensi hiyo humwonyesha mtoto kwamba anasomwa, na mtoto anayejua anasomwa huandika zaidi. Daftari lililojaa wino mwekundu huzaa mtoto anayeandika mistari minne mifupi ili asikosee.

Chagua kosa moja la wiki na ulifundishe kwa dakika 10 ukitumia sentensi za darasa bila kutaja mwenyewe. Makosa yatakayokurudia ni haya: kutenganisha viambishi na kitenzi, kama "ana kwenda" na "tu likuwa", kuchanganya l na r, hasa pale lugha ya nyumbani haizitofautishi, kuweka h isipohitajika au kuiacha panapohitajika, "hasante" na "abari", z mahali pa dh na s mahali pa th, "ngombe" bila alama ya ng', na upatanisho wa ngeli, "vitu yangu", "kitabu yake". Anza na kutenganisha maneno, kwa sababu kosa hilo ndilo linalomfanya msomaji ashindwe kabisa kufuata.

Kwa wiki nne za kwanza ridhika na mistari mitano hadi minane. Kisha nenda kwenye aya: wazo moja, sentensi nne au tano, halafu nafasi. Wapo watakaochukua muhula mzima hapo, na si vibaya. Mtihani wa Darasa la Saba kwa sehemu kubwa ni wa maswali ya kuchagua, hivyo walimu wengi huona kuandika aya kuwa anasa. Lakini mtoto huyohuyo akiingia Kidato cha Kwanza anakutana na masomo kwa Kiingereza na majibu ya kujieleza, na hajawahi kujieleza kwa maandishi hata kwa Kiswahili. Akishindwa kwa muhula mmoja au miwili, nyumbani wanasema shule haimfai, na mazungumzo ya posa yanapata sababu. Sekondari pia, ukurasa huu uendelee kuwa wa Kiswahili, hata neno la kilugha likiingia. Kiingereza kina vipindi vyake.

Maelezo ya tukio na barua rasmi

Aina hizi mbili zipewe muda mrefu kuliko nyingine, kwa sababu ndizo zinazomfaa mtoto siku ya shida.

Maelezo ya tukio yanajibu maswali matano: nani, nini, wapi, lini, na wewe umejuaje. La mwisho ndilo husahaulika, na ndilo afisa ustawi au polisi atalitaka kwanza. "Wanataka kuniozesha" ni sentensi ya kweli lakini haina pa kushikia. "Jumamosi jioni wanaume watatu walikuja nyumbani, mmoja ni mjomba wa yule anayetaka kunioa, nilikuwa jikoni nikasikia baba akisema ng'ombe kumi na mbili waletwe baada ya mavuno" ina siku, watu, mahali, na namna alivyojua. Fundisha hili kwa matukio ya kawaida: ajali ya baiskeli, mpira uliovunja kioo, mvua iliyoezua paa. Fanyeni zoezi moja kila wiki kwa wiki sita. Wengine wasome, wapigie mstari kila mahali ambapo msomaji atauliza "nani?" au "lini?".

Barua rasmi ina sehemu zake: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, mwanzo wa heshima, kichwa kinachoanza na YAH au KUH, kiini, mwisho, saini, jina. Wanafunzi hukariri umbo hili na kuharibu kiini, wakijaza aya nzima ya salamu na kuomba radhi. Waambie jambo lenyewe liwe kwenye sentensi ya kwanza, na ombi lenyewe kwenye ya mwisho. Wape wa kuwaandikia kweli: mtendaji wa kijiji kuhusu kisima kilichoharibika, kamati ya shule kuhusu choo cha wasichana. Barua ipelekwe, na ikijibiwa jibu lisomwe darasani. Mtoto aliyeona barua yake ikijibiwa anajua ofisi ya mtendaji si ya watu wazima peke yao.

Sanduku

Ukurasa wa Jumatatu una jina la mwandishi. Pawe na njia nyingine isiyo na jina. Tengeneza sanduku la mbao la sentimita 30 kwa 30 kwa 40, mdomo wa kupitisha karatasi iliyokunjwa, na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ashike mwalimu wa malezi na unasihi, ikiwezekana mwanamke. Wa pili ashike mtu mwingine asiye na udugu naye, mfano mjumbe wa kamati ya shule. Lisifunguliwe na mtu mmoja.

Masanduku mengi ya maoni hukaa matupu, na sababu inajulikana: anayelikaribia anaonekana. Dawa yake ni kila mwanafunzi atumbukize karatasi kila Jumatano, awe na la kusema au hana. Asiye na neno aandike tarehe tu. Rimu moja ya karatasi 500, kila karatasi ikikatwa vipande vinne, inatoa vipande 2,000. Kwa wanafunzi 180 wa Darasa la Tano hadi la Saba inatosha wiki 11. Lifunguliwe siku hiyohiyo kabla walimu hawajaondoka.

Mambo mawili huliua sanduku kwa siku moja. La kwanza ni kusoma karatasi mstarini, hata bila kutaja jina. La pili ni mwalimu kulinganisha mwandiko ili amjue aliyemlalamikia. Na malalamiko dhidi ya walimu yatakuja, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba karatasi inayomtaja mwalimu inakwenda kwa Afisa Elimu Kata na ustawi wa jamii bila kupitia mezani kwa mwalimu huyo.

Unachokitafuta unaposoma

Hakuna dalili moja inayotosha. Tazama mabadiliko, ukilinganisha na kurasa za nyuma za mtoto huyohuyo. Ndiyo maana daftari lisibadilishwe kila mwezi. Msichana aliyekuwa akiandika "nitakuwa nesi" akaacha kabisa kuzungumzia mwaka kesho. Kurasa nzima zilizogeuka mistari mitatu. Zawadi zinazotajwa bila mtoaji: simu, kitenge kipya, mafuta ya kupaka. Hadithi ya "kuna msichana mmoja" yenye undani usio wa kubuni, kama rangi ya shuka la mgeni. Kutajwa kwa safari ya kwenda kwa bibi katikati ya muhula.

Dalili nyingine, ambayo wenye uzoefu wa Shinyanga na Lindi wanaijua vizuri, ni mtoto kuagizwa afeli. Baadhi ya wazazi humwambia binti ajibu vibaya mtihani wa Darasa la Saba ili asichaguliwe, shule iishe, harusi ifuate. Ukurasa wa Jumatatu unalifichua hili: mtoto anayeandika aya tatu safi, kisha kwenye mtihani wa majaribio anajaza herufi moja kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Usimgombeze kwa uzembe. Mwite faraghani umwonyeshe daftari lake mwenyewe, kisha umuulize kilichotokea, na umwache anyamaze kadiri anavyotaka.

Ukishajua: saa 24 za kwanza

Kosa kubwa kuliko yote ni kumwita mzazi kwanza. Hufanywa kwa nia njema, na matokeo yake mara nyingi ni mtoto kusafirishwa usiku huohuo kwenda wilaya nyingine. Mzazi ataitwa, lakini na ustawi wa jamii, mtoto akiwa tayari salama.

Zungumza na mtoto mahali panapoonekana lakini pasiposikika, kama chini ya mti mbele ya ofisi. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia, na uwataje. Muulize maswali ya wazi: nini kilitokea, halafu? Usimuulize "baba yako amepokea ng'ombe, siyo?" kwa kuwa jibu la swali la namna hiyo ni la kwako.

Akikubali, aandike mwenyewe, kwa maneno yake. Usirekebishe tahajia wala kupanga sentensi. Andika pembeni tarehe, saa, na majina ya waliokuwepo. Nakala moja ibaki kwenye bahasha iliyofungwa kabatini. Asirudishwe kuandika au kusimulia tena kwa kila mwalimu anayetaka kusikia. Kila marudio yanamuumiza na kuzaa tofauti ndogondogo zitakazotumiwa dhidi yake.

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu awasiliane na afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu. Simu ya 116, ya huduma kwa mtoto, ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mtendaji wa kijiji au wa kata naye aelezwe, isipokuwa kama ni ndugu wa upande wowote au alihudhuria posa. Hapo panda ngazi inayofuata.

Kisha jibu swali moja kabla kengele ya jioni haijalia: usiku huu atalala wapi? Kumpangia mtoto mahali salama ni kazi ya ustawi wa jamii. Mwalimu asimchukue nyumbani kwake kimyakimya hata kwa huruma, maana familia inaweza kugeuza kesi na kumshtaki yeye.

Kusanya vielelezo mapema: cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, ukurasa wake kwenye daftari la uandikishaji, na barua ya posa kama ipo. Barua hiyo huwa na majina, tarehe na mara nyingine kiasi cha mahari, tena kwa mkono wa wahusika wenyewe. Kesi nyingi hufa kwa sababu familia zinamalizana kindugu, mashahidi hawatokei, na mtoto anashinikizwa akane. Karatasi hazishinikizwi.

Miezi ya kukaa macho

Baada ya mavuno na mauzo ya pamba fedha zinapatikana na ng'ombe wanahama zizi. Likizo za Juni na Desemba ndizo za unyago kwa Lindi na Mtwara, na Desemba ndiyo ya tohara na ukeketaji kwa sehemu za Mara. Lakini kipindi kibaya kuliko vyote ni kati ya mtihani wa Darasa la Saba, Septemba, na kuripoti Kidato cha Kwanza, Januari. Ni miezi minne ambayo mtoto hana mwalimu anayemwita jina asubuhi, na jamii inamhesabu kuwa amemaliza shule.

Msiwaache. Wahitimu wa Darasa la Saba waitwe shuleni Jumatatu moja kila baada ya wiki mbili hadi Desemba, wakae saa mbili wakiandika na kujifunza Kiingereza cha kuanzia. Mahudhurio yaandikwe. Asiyetokea mara mbili, mjumbe wa kamati ya shule aende kwao siku hiyohiyo. Chunguza pia maombi ya uhamisho: ni njia ya zamani ya kumtoa msichana kwa karatasi halali. Piga simu shule inayotajwa uulize kama wanamtarajia, na baada ya siku 14 uliza kama amefika.

Risala isomwe na walioiandika

Kwenye mahafali, risala ya wahitimu karibu kila mahali huandikwa na mwalimu wa Kiswahili na kukaririwa na mwanafunzi mwenye sauti nzuri. Waachieni wanafunzi waiandike. Kikundi cha watu sita, wavulana watatu na wasichana watatu, wakusanye hoja darasani, waandike rasimu tatu, mwalimu asahihishe lugha tu. Wazazi wote wapo siku hiyo, mgeni rasmi yupo, mtendaji yupo. Msichana akisoma kwamba wenzao wawili walioanza nao Darasa la Tano hawapo leo, bila kutaja majina, maneno hayo yanafika mahali ambapo bango la kampeni halifiki. Ngonjera ifanye kazi hiyohiyo, kaka na dada wakijibizana.

Wavulana wana sababu yao ya kuhusishwa. Pale ambapo ng'ombe wa dada ndio mahari ya kaka, kaka huyo anaombwa anyamaze. Mpe mada hiyo kwenye ukurasa wake, uone atakachoandika.

Anayerudi

Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, msichana aliyekatishwa masomo kwa mimba anaruhusiwa kurejea katika shule ya kawaida, na aliyetolewa kwenye ndoa naye apokelewe bila masharti ya kubuni ya mlangoni. Usimkalishe mbele ya darasa, usimwombe asimulie. Mpe daftari jipya. Wiki mbili za kwanza aandike dakika 10 kwa mada za ufundi pekee: njia, mapishi, maelekezo. Mkono uliokaa miezi minane bila kalamu unahitaji mazoezi kabla ya hisia. Mada za wazi zimrudie wiki ya tatu, naye akichagua ile ya ufundi, mwachie.